Nukta Pembeni ya Jina

Duka letu la vipuri liko Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
kati ya fundi cherehani na mashine ya kusaga.
Miaka ishirini na sita deni liliishi
kwenye daftari la jalada gumu,
kwa mwandiko wa mume wangu, ulioinama
kama mtu anayepanda mlima na gunia kwenye keria.

Zuhena ndiye aliyeleta kompyuta,
ya mkononi mwa mtu, kutoka Chumbageni, kwa kudunduliza.
"Mama, tunauza gizani," akasema,
nami nikatazama balbu, nikanyamaza.

Usiku wa kwanza tulihesabu gololi.
Mashine haijui "kopo moja na kidogo".
Inataka namba.
Hadi adhana ya alfajiri tukajua mawili:
tuna kengele arobaini na moja zisizo na mwenyewe,
na vali hutuishia kila Alhamisi,
na kila Ijumaa tunamwelekeza mteja duka la jirani,
kwa adabu,
miaka yote hiyo.

Kisha madeni.
Mashine iliuliza: jina la kwanza, jina la ukoo, simu.
Daftari lilijibu: Mrefu wa Makorora.
Baba Pacha.
Yule wa machungwa, si mwenye pengo, mwingine.
Zuhena alipiga simu siku tatu,
akawapa watu majina yao.

"Na hizi nukta?"
Majina kumi na moja yalikuwa na nukta pembeni,
wino wa kijani, ndogo kama alama ya nzi.
Nikasema kalamu ilivuja.
Mashine haikuwa na safu ya nukta,
tukaendelea.

Jumatatu saa tatu ujumbe ukaenda kwa wote, kwa mpigo.
Hadi adhuhuri tisa walikuwa wamelipa,
nami nikaanza kumheshimu huyu mdai mpya:
asiye na uso haoni haya.

Saa kumi akaingia mama mmoja wa Mikanjuni,
mkononi simu ya kubonyeza, imefungwa raba.
"Nani amemwandikia mume wangu?"
Mhina Sechonge. Cheni na gololi.
Elfu tisa na mia tano.
"Huu mwaka wa nne yuko chini.
Simu yake naichaji tu. Usiniulize kwa nini."

Nikafunua daftari. Nukta ya kijani ikanikodolea.
Hapo ndipo nilipomjua mume wangu upya:
alikuwa anasamehe kimyakimya,
huku mimi jikoni nikimlaumu unga.

"Deni lilishasamehewa," nikasema.
"Na nani?"
"Marehemu wangu."
"Basi marehemu kwa marehemu watajuana huko.
Mimi nalipa."
Akafungua pindo la kanga, akahesabu
noti, kisha sarafu, kisha sarafu tena.
"Na risiti nataka. Iandike jina lake lote."

Zuhena akaandika. Karatasi ikatoka ikiwa na joto:
MHINA SECHONGE. BAKI: 0.
Akaisoma akiiweka mbali na macho.
"Karatasi ya mwisho yenye jina lake
ilikuwa cheti cha kifo," akasema.
"Hii imekaa vizuri zaidi."

Kabla hajaikunja, simu ikatetemeka kiganjani.
*Ndugu Mhina, asante kwa kulipa. Karibu tena dukani.*
Akasoma. Akarudia.
Kisha akacheka, akacheka hadi akakaa
juu ya boksi la pedali, machozi yakimtoka.
"Sasa atakuja na baiskeli gani?"

Zuhena, uso umemshuka, akatafuta pa kuifuta ile namba.
"Mwache," mama akasema. "Kwani anawala nini humo?"

Usiku ule binti yangu aliongeza safu moja,
nyembamba, isiyo na kichwa,
akaniuliza ajaze nini.
Nikamsomea nukta kumi, moja baada ya moja.
Ya kumi na moja nikasita,
kisha nikamwambia aiweke pia.

Vali sasa zinafika Jumatano.
Kengele bado arobaini na moja.
Tumeshusha bei.